Nilisema Kumtua

Mwanamvita hakuwa mtu wa kumeza neno. Tangu alipokuwa msichana Kibokoni, Mombasa, mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa mdomo ukitangulia, na majirani waliosikia ugomvi wake na wauza samaki hawakuona sababu ya kubisha. Akionewa, atasema. Akiona mwenziwe anaonewa, atasema zaidi, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kwa hiyo alipoposwa na Ayub, kijana mpole mwenye duka la nguo huko Voi, watu wa mtaa walicheka wakasema sasa bara itaamka.

Mama yake alifariki mwaka uleule wa posa. Mwanamvita akaingia Voi mwaka wa tisini na mbili bila kwao pa kurudi, na mji aliuona mkavu, wenye vumbi jekundu lililopenya hadi ndani ya kopo la sukari. Waislamu wenye asili ya pwani walikuwa wachache pale, na maduka yao yalijibana kati ya soko na msikiti. Wenyeji wakawaita wote kwa jina moja, Waswahili. Hata Ayub, ambaye babu yake alizikwa hapohapo Voi, kwa watu wa milimani bado alikuwa mgeni aliyekuja juzi. Mwanamvita hakujali. Aliweka kiti chake mbele ya duka, akauza leso na vitambaa vya sare za shule, akataniana na kila aliyepita.

Kilichowachekesha wateja ni Kiswahili chake. Wao walikipata shuleni, sokoni na kanisani, juu ya Kidawida walichokinyonya kwa mama zao, na kiliwatosha kabisa. Chake kilikuwa na maneno ambayo hawakuwahi kuyahitaji. Siku ya kwanza jirani yake Wakio, mzaliwa wa Sagalla, alipopita dukani na kikapu cha mihogo kichwani, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndala, Mwanamvita alimpisha kivulini akamwambia, "Tua, mwenzangu. Tua kwanza." Wakio akatazama juu angani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akauliza, kwa uso wa mtu asiyetania hata kidogo, kama yeye ni ndege.

Walicheka mpaka Ayub akatoka ndani kuona kuna nini. Kumbe kwa Wakio kinachotua ni ndege, labda na jua jioni. Mzigo unawekwa chini, basi. Mwanamvita akamweleza kwamba kwao mzigo unatuliwa, ndoo ya maji inatuliwa, na hata mtoto mzito, ukichoka kumbeba, unamtua. Tangu siku hiyo Wakio akifika dukani alitanua mikono kama mabawa akatangaza kuwa ndege ya Sagalla imefika. Ndivyo walivyoshikana, na mji ukazoea kuwasikia wakibishana kwa vicheko.

Ayub mwenyewe alikuwa mume mwema, msema machache. Jambo moja tu lilimshangaza mke wake: Ayub akitaja mama, ilibidi umuulize yupi. Alilelewa Malindi kwa shangazi yake tangu uchanga hadi alipofika umri wa kwenda shule, na mama yake mzazi, Bi Khairat, alimwita mama kwa adabu tu, vile mtu anavyomwita mwalimu mwalimu. Ukiuliza kwa nini, ukoo mzima ulikuwa na jibu moja. Mama alikuwa na homa. Homa ya miaka yote hiyo? Mwanamvita aliuliza hivyo mara moja, mezani, akanyamazishwa kwa macho.

Ishaq alizaliwa mwaka wa tisini na nne, wakati wa joto kali, baada ya uchungu mrefu na damu nyingi. Kwa kina Mwanamvita, mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake kukaa arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hulazwa akalala kweli huku wengine wakimbeba mtoto. Yeye mama hakuwa naye. Mama yake mdogo alikuja kutoka Mombasa, akamkanda siku chache, kisha akaitwa na ya kwake. Arobaini iliyobaki Mwanamvita aliimaliza peke yake nyuma ya duka. Desturi ya kutotoka nje aliishika barabara. Ile ya kubebewa mtoto haikuwa na wa kuishika.

Mtoto alilia, tena alilia. Alipolala, mama yake hakulala. Alimsikia akilia hata pale alipokuwa kimya. Alimtazama usoni akaitafuta ile furaha aliyoahidiwa na kila mtu, asiione. Aliona mtoto wa watu aliyeachwa kwake kwa makosa, na mwenyewe atakuja kumdai wakati wowote. Alimnyonyesha huku machozi yakimdondokea mtoto kwenye paji la uso, akawa anayafuta kwa ncha ya leso. Mdomo ule wa Kibokoni ukajifunga. Wakio alipokuja kutangaza ndege ya Sagalla alipewa tabasamu la kulazimisha, na mlango ukarudishwa.

Na hapa ndipo mtu anapopandwa na hasira, maana si kwamba Mwanamvita hakuulizwa. Aliulizwa kila siku ya Mungu. Hujambo? Sijambo. Mtoto hajambo? Hajambo, alhamdulillahi. Ndiyo salamu yetu hiyo, na tumeitengeneza wenyewe hivi kwamba aliye taabani na aliye harusini wanajibu neno moja. Mgonjwa yuko katika kukata roho, muulize hujambo, atakwambia sijambo kwanza ndipo akate. Mume alimuuliza, majirani walimuuliza, wanawake wa msikitini waliomletea visheti walimuuliza, naye akajibu sijambo, sijambo, mpaka neno likachuja mdomoni.

Ayub aliona, usidhani hakuona. Alikwenda kwa maalim akaandikiwa kombe, aya za Mungu kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na Mwanamvita akanywa. Siku hiyo alipata usingizi, na maishani mwake mwote hakumruhusu mtu yeyote kumcheka kwa hilo. Lakini asubuhi ule uzito ulikuwa palepale ulipolala.

Arobaini ilipokwisha alimpeleka mtoto kliniki kuchanjwa, kwenye zahanati ndogo ya mtaani. Akina mama walibanana kwenye mabenchi, wakaimba wimbo wa kanisani, kisha wakafundishwa mambo ya uji wa wimbi na maji ya kuchemsha, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kidawida, na vichekesho vyote vikawa katika ile nusu ya pili. Mwanamvita alicheka pale wengine walipocheka, akiwa amechelewa kidogo. Akina mama hao walikuwa na kikundi chao cha kila wiki kanisani, walikobebeana watoto na kupangiana zamu za kutembeleana. Aliwahi kuuliza kama naye anaweza kuja. Aliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba nyinyi Waislamu mna mambo yenu. Hakuambiwa mambo yenyewe ni yapi wala yanafanyika wapi.

Muuguzi alikuwa Sista Gertrude, mwanamke wa Wundanyi, mchapakazi na mwenye huruma, aliyekuwa na foleni ndefu na mikono miwili tu. Alimtundika Ishaq kwenye mzani, akaandika kilo zake, na bila kuinua kichwa akauliza hujambo, mama. Mwanamvita akafungua mdomo kujibu kama siku zote. Neno likagoma. Alivuta ushungi mpaka mdomoni kwa haya, na katikati ya kelele za watoto wa kliniki nzima akasema kwa sauti ya chini:

"Nimechoka, sista. Natamani kumtua. Nimtue tu, nilale."

Gertrude aliacha kuandika. Alimshika bega, akamwambia aende nyumbani akapumzike, mengine yatashughulikiwa. Basi Mwanamvita alitoka pale mwepesi. Hatimaye kuna mtu aliyemsikia! Alipita pembeni mwa reli na jua likimchoma utosini, akafika nyumbani, akamlaza mtoto ubavuni, na kwa mara ya kwanza tangu alipojifungua akalala usingizi mzito bila kunywa kitu.

Alipoamka, kisu hakikuwepo jikoni. Alikitafuta akate vitunguu, akafungua kabati, akainua sufuria, wapi. Chupa ya mafuta ya taa nayo haikuwepo, wala kamba ya kuanikia nguo. Ayub alikuwa nyumbani saa za duka, ameketi kitandani kati yake na mtoto. Alipotaka kumwogesha Ishaq, Ayub alisema ataogesha yeye, mwanamume ambaye hajawahi kushika mtoto aliyelowa. Mwanamvita akafikiri sista amempa habari kwamba mke wako amechoka, msaidie. Masikini, akamshukuru.

Kesho yake akaingia Bi Khairat kwa basi la Mombasa, kwa maana Ayub alikuwa amekwenda posta akampigia simu. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye kunukia udi, asiyeinua sauti hata anapokasirika. Alinawa mikono, akamchukua mtoto, na hakumwachilia tena isipokuwa kwa kunyonya, naye hapo huketi goti kwa goti na mkwewe akihesabu kila mkono unapokwenda. Jioni alianza kukunja nguo za Ishaq na kuzipanga begini. Alimweleza Mwanamvita kwamba mtoto atakwenda Mombasa kwa wifi yake Jannat, ambaye ana wa kwake anayenyonya na maziwa ya kutosha wawili. Yeye abaki, apumzike, asomewe. Akipoa, atarudishiwa.

Atarudishiwa lini? Mungu akipenda. Amefanya kosa gani? Mambo haya hayasemwi, mwanangu. Mwanamvita akamgeukia mumewe, na mumewe akatazama sakafu.

Hapo ndipo ikamjia. Yule mtoto aliyemwona kuwa wa watu, sasa anachukuliwa na watu, na mwili wake mzima ukakataa. Haikuwa ile furaha aliyoahidiwa, hata kidogo. Ilikuwa hasira, hasira ya Kibokoni, iliyopotea tangu siku ya uzazi. Lakini hasira hiyo ilijua mtoto ni wa nani.

Asubuhi Wakio alipenya kwa mlango wa nyuma na fungu la mchicha, akijifanya ameleta mboga. Hakutanua mabawa. Alisimama pale jikoni, akakunja leso yake, akaikunjua, akasema mji mzima unanong'ona, na kwamba kuna wamama wamewakataza watoto wao kupita hata mbele ya duka. Kisha akajikaza.

"Nikuulize, na usinifiche. Ni kweli ulimwambia sista unataka kumuua mtoto?"

 Kumuua? Mwanamvita akarudi kwa mawazo hadi kwenye lile benchi, zile kelele, ule ushungi mdomoni, akayarudia maneno yake moja baada ya jingine. Kisu kikaeleweka. Mafuta ya taa yakaeleweka. Goti la mavyaa wake likaeleweka.

"Nilisema kumtua," alisema. "Wakio, nilisema kumtua."

Wakio akatazama juu, kwenye mabati ya jikoni, vilevile alivyotazama angani siku ile ya mihogo. Kisha akajishika kichwa. Kicheko kikawatoka wote wawili, kibaya, cha kuumiza mbavu, kikaishia kwenye machozi, wakawa wameshikana pale katikati ya mchicha.

Kwa Wakio jambo lilikuwa limekwisha. Atakimbia kumwita sista, sista atasema alisikia vibaya, Mwanamvita atasema yeye ni mzima, na mama mkwe atapanda basi lake na kikapu kitupu. Mwanamvita alimwambia aende upesi amlete. Kuhusu yale mengine hakujibu.

Waliporudi, Bi Khairat alikuwa amekwisha vaa buibui. Ishaq alikuwa kifuani mwake amefungwa kwa leso, kikapu cha safari kinaning'inia begani, na Ayub amesimama karibu na mlango na begi la nguo za mtoto. Gertrude aliingia anahema, sare yake imelowa jasho mgongoni. Hakuzungukazunguka, na kwa hilo asifiwe. Alisema mbele yao wote kwamba alisikia vibaya. Kwao neno hilo halitumiki hivyo, na badala ya kumuuliza mama mara ya pili alimwita mume, tena alimweleza mlangoni mwa zahanati mahali wengine wanapopita. Akaomba msamaha. Mwanamvita alimsamehe nusu, ile nusu nyingine akaiweka kwa baadaye.

Ayub aliegemea ukuta kama mtu aliyeshushiwa gunia. Akasema alhamdulillahi, kumbe mke wangu ni mzima, akairudia na kuirudia. Hata uso wa Bi Khairat ulilainika.

"Basi yamekwisha," alisema. "Mwanangu, sema mwenyewe kwa mdomo wako kwamba hujambo, nivue buibui hili nikae."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu, lile alilolisema kila siku bila hata kufikiri, na mwanawe anabaki. Wakio nyuma ya mlango alikuwa akimwashiria kwa kichwa: sema, sema yaishe. Mwanamvita alimtazama mtoto, kisogo chake kidogo kikichungulia kwenye leso. Aliyajua yatakayofuata. Atapewa mtoto, mlango utafungwa, wote watakwenda zao wakiwa radhi, na yeye atabaki na uzito ule peke yake, na safari hii hatakuwa na ruhusa ya kuutaja tena.

"Sisemi," alijibu.

Ayub aliacha kushukuru.

"Sijambo nimeisema tangu mtoto huyu alipozaliwa, na ona imenifikisha wapi. Mimi si mzima, Mama. Naumwa, na pa kukuonyesha sina. Simuui mwanangu, sijawahi kulifikiria hilo. Nataka kumtua, mtu ampokee, nilale, kisha niamke nimchukue. Mwanangu haendi Mombasa. Na sijambo sisemi."

Uso wa Bi Khairat ukajifunga upya. Aliuliza, kwa sauti ileile ya chini, kama anajua watu watasema nini wakisikia. Nyumba yao haikuwa na wazimu, haijapata kuwa nao, na hautaanza kwa mke wa kuletwa. Gertrude alijaribu kusema kwamba wazimu siyo, kwamba ni maradhi yanayowapata wazazi wengi baada ya kujifungua, wa pwani na wa bara, na yana tiba. Aliambiwa kwa adabu zote kwamba hapa si kliniki. Ayub akasema, Mama. Akaambiwa anyamaze. Na kama mwanamke kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kwamba si mzima, basi lililobaki ni kupanda basi. Bi Khairat akakaza leso kifuani, akaelekea mlangoni.

Mwanamvita akamtangulia. Alikuwa hana nguvu za kumsukuma hata kuku, lakini alishika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili. Na hapo mdomo wa Kibokoni ukatoa swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza katika ukoo ule.

"Na wewe, Mama? Ulipokuwa na ile homa, wakaja kumchukua Ayub. Uliwajibu nini?"

 Ayub aliinua kichwa taratibu. Treni ya mizigo ilikuwa inapiga honi stesheni, ndefu, na Bi Khairat aliisubiri iishe, kana kwamba swali lenyewe litapita nayo. Halikupita.

"Niliwajibu sijambo," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, ya mwanamke mdogo. "Niliwaambia sijambo, sijambo, mpaka mlangoni. Na wakamchukua."

Mkono wake ulikuwa umemfunika Ishaq kisogo. Alibaki amesimama, kikapu begani, mtoto kifuani, asijue aende mbele au arudi. Mwanamvita akaachia fremu. Alimsogelea mavyaa wake, akamshika kikapu kwa chini ili kisimlemee.

"Tua, Mama," alimwambia.

Bi Khairat alikuwa mtu wa Mombasa, hakuhitaji kutafsiriwa. Aliacha kikapu kishuke. Alifungua leso, akampakatisha mama yake mtoto, akaketi chini palepale mkekani na buibui lake, akaanza kulia kilio alichokuwa nacho tangu Ayub akiwa mchanga. Na Ayub alikuwa bado karibu na mlango, begi mkononi, mtu mzima mwenye duka, analia kama mtoto aliyeambiwa leo kuwa mama yake hakumtupa.

Usije ukadhani kesho yake Mwanamvita aliamka anaimba. Maradhi hayaondoki kwa sababu yametajwa jina. Lakini kisu kilirudi jikoni siku ileile, aliagiza mwenyewe, na vitunguu akavikata mbele yao. Bi Khairat hakupanda basi. Alikaa Voi akamlea mkwewe arobaini ya pili, yenye kukandwa na uji na kulala mchana, mpaka wanawake wa msikitini wakauliza ni sheria ya wapi hiyo, naye akawajibu ni sheria ya Khairat. Ayub alijifunza kuogesha mtoto bila kumtia sabuni machoni. Daktari alitoa dawa, Gertrude akaja kumtazama kila wiki, na kulikuwa na siku nzuri na siku za kulala amegeukia ukuta. Ishaq alikuwa anatembea kwa kushika viti ndipo mama yake alipomtazama asubuhi moja na kuiona ile furaha, imechelewa, imekuja bila hodi.

Ile nusu ya msamaha iliyobaki alimdai Gertrude palepale zahanati, mbele ya mabenchi. Alimwambia wanawake wasiulizwe tena hujambo. Waulizwe wamelala saa ngapi. Waulizwe wamekula nini, na wakichoka nani anawapokea mtoto. Na jibu lisiposikika, liulizwe tena kwa maneno mengine, hata kwa Kidawida, hata kwa mikono. Gertrude alikubali, na alitimiza.

Kisha Mwanamvita akatandika mkeka nyuma ya duka, akasema kila Alhamisi mama yeyote mwenye mtoto mchanga aje. Wakaja wake wa maduka, wakaja wa Sagalla, akaja Mkamba mmoja muuza vitunguu kutoka Miasenyi. Haikupita muda mzee mmoja wa msikitini alimwita Ayub kumuuliza kwa nini mkewe anachanganya watu, na kiongozi wa kile kikundi cha kanisani akaja mwenyewe, kwa upole kabisa, kuuliza kwa nini mama Mwislamu anawakusanya wanawake wao. Mwanamvita hakumtuma mtu kujibu. Alitoka na Ishaq kiunoni.

"Si mliniambia nina mambo yangu?" alisema. "Basi ndiyo haya."

Alhamisi moja akatokea msichana kutoka Kasigau, mtoto mgongoni, vumbi hadi kwenye kope. Ndovu walikuwa wamekula shamba lao lote, mume yuko mbali akitafuta kazi kwenye mkonge, na kuna mtu alimwambia kuna nyumba Voi nyuma ya duka la nguo. Alisimama mlangoni akitazama chini. Hakuna aliyemuuliza kitu, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea.

"Sijambo," alisema.

Wakio, aliyekuwa mkekani amepakata watoto wawili wa watu, alicheka akasema hapa hakuna aliyekuja kwa hilo.

"Tua," Mwanamvita akamwambia.

Msichana akatazama juu angani. Aliposhusha macho, mikono ya wanawake ilikuwa tayari imemshika mtoto mgongoni.